Sarafu 40 Pangoni: Kwa Nini Mchezaji wa Gemu Huchepuka, na Kwa Nini Hukataa

Mpwa wangu anayeishi Nakuru alinionyesha gemu ndogo aliyoitengeneza kwa miezi kadhaa kwenye kompyuta yake ya mkononi. Inahusu mvulana anayeshuka ndani ya kreta ya Menengai kumtafuta mbuzi wa nyanya yake. Njia kuu ni moja, inaanzia ukingoni na kuishia kwenye mawe yanayofuka mvuke, na pembeni mwake kuna mapango sita ambayo mchezaji halazimiki kuyaingia. Ndani ya mapango hayo mpwa wangu alikuwa ametawanya sarafu 40 za dhahabu. Aliwaita marafiki watatu wacheze, naye akakaa kando akiwatazama bila kusema neno. Wawili waliyapita mapango yote kana kwamba ni kuta. Wa tatu aliingia pango la kwanza, akaokota sarafu saba, akatoka, akauliza zinatumika wapi, na alipoambiwa kwamba ni za kukusanya tu, hakuingia pango jingine hadi mwisho.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia baadaye, "mapango ndiyo yaliyonikesha kuliko kitu kingine chochote. Mbona hakuna anayeyataka?"

Swali lake ni la zamani kuliko yeye mwenyewe. Watengenezaji wa gemu za safari, yaani zile ambazo mchezaji humwongoza mhusika katika nchi ya kubuni na kuachiwa uhuru wa kuamua aelekee wapi, wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 40. Wanataka mchezaji aiache barabara, apande paa, apekue nyuma ya maporomoko ya maji. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, lakini methali hiyo haisemi cha mvunguni ni kitu gani, na hapo ndipo mambo huwaharibikia wabunifu wengi, kwa maana kitu kikiwa kikubwa mno kuinama si hiari tena, na kikiwa kidogo mno aliyeinama hujiona amechezewa shere. Wengi hudhani basi kwamba tatizo ni la kipimo, kwamba kuna ukubwa fulani wa zawadi ulio sawa. Mimi nadhani ukubwa ni jambo la pili. La kwanza ni kama mahali penyewe pamemuuliza mchezaji swali.

Fikiria jinsi kitendawili kinavyotegwa. Mtegaji husema "Kitendawili!", wasikilizaji huitikia "Tega!", naye hutega, wakishindwa kukitegua, huomba apewe mji, nao humpa Mombasa au Kisumu kwa ukarimu usiotarajiwa kwa serikali yoyote ya kaunti. Mji huo hauna faida. Sijawahi kusikia mtu akidai kodi ya nyumba za Kisumu alizojishindia kwa kitendawili. Hata hivyo watoto hukesha wakitegana, kwa kuwa kinachowashika ni ule muda ulio kati ya swali na jibu. Ukimpa mtoto mji kabla hujatega, atakutazama tu.

Mapango ya mpwa wangu yalikuwa yakigawa miji bila vitendawili. Yote yalikuwa na mlango wa umbo moja, giza la aina moja na sarafu za aina moja. Hakuna lililompa mpita njia sababu ya kujiuliza mle ndani mna nini, na aliyeingia moja alikuwa amekwisha kupata jibu la yote sita.

Ukirudi nyuma kwenye mifano ya mwanzo kabisa ya siri katika gemu, utaona kwamba zawadi yenyewe mara nyingi ilikuwa haba sana. Mwaka 1980 Atari ilitoa gemu iliyoitwa Adventure. Wakati huo kampuni hiyo haikuwa ikiandika majina ya wabunifu kwenye gemu zake, na mbunifu Warren Robinett aliamua kujiandika mwenyewe kwa siri. Alificha nukta ndogo ya kijivu ambayo rangi yake ilifanana na ya sakafu, kiasi kwamba haionekani. Mchezaji aliyeibeba hadi mahali fulani aliweza kupita ukutani na kuingia chumba ambamo palikuwa na maneno yanayomtaja Robinett kuwa muundaji. Chumba hicho hakikuongeza nguvu wala alama. Kilichomngoja mchezaji mle kilikuwa binadamu mwenzake, na hilo lilitosha kuwafanya watu wasimuliane habari zake hadi leo.

Miaka sita baadaye, mwaka 1986, Nintendo ilitoa The Legend of Zelda. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, ameeleza mara nyingi kwamba wazo lake lilitokana na utoto wake kule Sonobe, karibu na Kyoto, ambako alikuwa akizurura milimani na siku moja akagundua pango, kisha akakusanya ujasiri wa kuliingia akiwa na taa. Katika gemu hiyo kuna mapango yaliyofichwa chini ya vichaka vya kuchomwa moto na nyuma ya miamba ya kulipuliwa. Mengine yana pesa, mengine yana duka. Na mengine yana mzee anayekudai ulipie gharama ya kutengeneza mlango uliomvunjia, kisha pesa zako zinapungua papo hapo. Nampenda sana mzee huyo. Kwa sababu yake, kila mwamba unaolipuliwa unaweza kuleta hasara, na kwa hiyo kila mwamba unabaki kuwa swali hadi ulipuke.

Mimi gemu nilizijulia Kisumu, katika kibanda cha mabati huko Kondele, ambako tulilipa shilingi moja kwa kila dakika. Mwenye kibanda alikuwa na saa ya mezani na daftari, na dakika zako zikiisha alizima televisheni hata kama ulikuwa katikati ya mchezo. Gemu iliyotawala ilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004. Nataka kulikalia jambo hili kidogo, kwa sababu mchezaji anayelipa kwa dakika ni mzani mzuri wa kupimia maana ya zawadi. Kwake yeye kuchepuka kuna bei iliyoandikwa daftarini.

Katika San Andreas kuna michoro 100 ya magenge kwenye kuta za Los Santos, mmoja wa miji ya gemu hiyo, na mchezaji akiipaka rangi yote, silaha huanza kupatikana nyumbani kwa mhusika mkuu. Ni zawadi ya maana, na kwa mchezaji aliyeketi kwake sebuleni ina mantiki nzuri. Kibandani hakuna aliyejishughulisha nayo. Kadi ya kuhifadhia gemu ilikuwa moja kwa ajili ya kila mtu, na ulichohifadhi Jumamosi asubuhi kilikuwa kimefutwa na mwingine kabla ya saa sita mchana. Michoro 100 ilikuwa kama akaunti ya benki ambayo kila mpita njia anaweza kuifunga. Zawadi ya kukusanya pole pole inahitaji kesho, nasi kesho hatukuwa nayo. Tulikuwa na dakika 20. Kwa hiyo tulithamini kile kilicholipa hapo hapo: silaha iliyolala juu ya paa, pikipiki iliyoegeshwa uchochoroni, kilima cha kurukia kwa gari.

Hata hivyo palikuwa na mvulana mmoja jirani yetu ambaye dakika zake zote alizitumia juu ya mlima uitwao Chiliad na katika misitu inayouzunguka. Uvumi ulikuwa umeenea, sijui ulifikaje Kondele, kwamba katika misitu hiyo kuna jitu kubwa lenye manyoya. Rockstar, waliotengeneza gemu, hawakuweka jitu lolote. Mvulana yule alilipa shilingi zake 20, akapanda mlima, akazunguka katika ukungu, akasimama kila kivuli kilipotikisika, na televisheni ilipozimwa aliinuka akiwa ametosheka kuliko sisi tuliokuwa tumeiba ndege. Alikuwa amelipia swali tupu, lisilo na jibu, na kwa wiki nzima alilizungumza. Baadaye, katika Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, Rockstar walitania jambo hilo hilo kwa kuweka kazi ya kumsaka kiumbe huyo, ambaye mwishowe anagundulika kuwa mtu aliyevaa vazi la manyoya.

Kuna jambo jingine katika San Andreas ambalo linaonyesha upande wa pili. Ukifaulu kufika juu kabisa ya minara ya daraja la Gant, mahali ambapo hakuna kazi yoyote inayokupeleka, utakuta kibao kinachosema kwamba hakuna siri zilizofichwa huku juu, nenda zako. Kibao hicho hakitoi kitu. Lakini kwa aliyepanda huko ni jibu kamili, kwa maana swali lake lilikuwa "Je, kuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angefika hapa?" na kibao kinasema ndiyo, yupo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza zawadi iwe nini, mbunifu anapaswa kujua mchezaji wake alichepuka akiwaza nini. Aliyefuata nyayo anataka kujua zinaishia wapi. Aliyepanda mahali pa juu anataka kuona, na ukimpa mkuki badala ya mandhari umemjibu mtu mwingine. Aliyeingia pango lenye mifupa mlangoni ametegemea hatari, na akikuta sanduku lisilo na mlinzi atafurahi kwa sekunde mbili kisha atahisi pengo asiloweza kulitaja.

Swali zuri, hata hivyo, halitoshi kwa gemu inayodumu saa 50. Baada ya kujibu swali la mahali, zawadi inapaswa pia kuwa na pa kwenda ndani ya gemu iliyobaki. Sarafu ambazo hazinunui kitu ni changarawe zinazong'aa. Lakini hata panga kali huweza kugeuka changarawe, na mfano unaojulikana sana ni Oblivion ya mwaka 2006. Humo maadui na mali hupangwa kulingana na kiwango cha mchezaji: ukiwa dhaifu, pango lolote lina vitu dhaifu, ukiwa hodari, pango lolote lina vitu vya hodari, hata majambazi wa barabarani wanakudai sarafu chache huku wamevaa deraya ya bei ya nyumba. Nia ilikuwa njema, kwamba mchezaji awe huru kwenda popote tangu mwanzo. Matokeo yake ni kwamba mbali na karibu vikawa sawa. Hakuna pango lililokuwa na siri yake lenyewe, kwa maana kilichomo ndani kilikuwa kioo cha aliyeingia. Katika Morrowind, iliyotoka mwaka 2002 kutoka kwa watengenezaji hao hao, vitu vingi vya thamani viliwekwa kwa mkono mahali maalum, na mchezaji aliyekwenda mapema pasipomfaa angeweza kufa, au kutoka na kitu kisichomstahili bado. Uwezekano huo wa kupata usichostahili ndio chumvi ya upekuzi.

Njia nyingine ya kuipa zawadi pa kwenda ni kuhakikisha kwamba inahitajika tena na tena. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017 ilifanya hivyo kwa kuzifanya silaha zivunjike. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, wahenga walisema, na humo pakacha huvuja daima, kwa hiyo upanga wowote uliookotwa pembeni una kazi ya kufanya kesho. Wachezaji wengi walilichukia jambo hilo, nami nawaelewa, kwa kuwa hakuna anayependa kukipoteza kitu alichokipigania. Lakini liangalie kwa upande wa pango: silaha zingekuwa za kudumu, ukishapata upanga bora, kila sanduku linalofuata ni takataka.

Gemu hiyo hiyo ina mbegu 900 za Korok, na hizo zinastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu hueleweka vibaya. Korok ni viumbe wadogo waliojificha: chini ya jiwe lililokaa peke yake kileleni, ndani ya duara la mawe lenye nafasi moja tupu, kwenye miti mitatu iliyofanana isipokuwa kwa tunda moja. Kila mahali hapo ni kitendawili kidogo, na jicho likishajifunza kuviona haliwezi tena kulipita jiwe la peke yake bila kuliinua. Mbegu hubadilishwa kwa nafasi zaidi mfukoni. Nafasi ya kwanza hugharimu mbegu moja, na bei hupanda kadiri unavyoendelea, kwa hiyo mbegu za mwanzo zina thamani kubwa na za mwisho zina thamani ndogo. Mbegu 441 zinatosha kupanua kila kitu. Nyingine zote zipo ili yeyote apitaye popote akutane na za kutosha. Hazikuwekwa ili mtu mmoja azikusanye zote. Na anayezikusanya zote 900 hata hivyo hupewa zawadi ya dhahabu yenye umbo la kinyesi. Ni utani mkali kidogo, lakini hauna uongo: unamwambia kwamba kama alikuwa akifuata zawadi alipotea njia tangu zamani.

Linganisha na Assassin's Creed ya mwaka 2007, ambayo ilitawanya bendera 420 katika miji na vijiji vyake. Bendera hazikufungua chochote na hazikumhusu yeyote. Zilikuwepo kwa sababu paa zilikuwepo. Miaka miwili baadaye, katika gemu ya pili, bendera ziliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na manyoya 100 ya ndege. Kwa mikono na vidole kazi ilikuwa ile ile, kupanda na kuokota, lakini manyoya yale yalikuwa yakikusanywa na mdogo wa mhusika mkuu, mtoto aliyenyongwa mwanzoni mwa hadithi, na mama yao hakuzungumza tena tangu siku hiyo. Kila unyoya unaurudisha nyumbani na kuuweka sandukuni mbele ya mama huyo. Mimi niliacha baada ya 60 hivi, na bado nadhani 100 ni nyingi. Lakini kila nilipoona unyoya juu ya mnara nilimkumbuka mtoto yule, na hakuna bendera hata moja kati ya zile 420 ninayoikumbuka.

Hapa pana mtego ambao wabunifu huuingia kwa nia njema kabisa: ramani. Wakishaweka mamia ya siri, wanaogopa kwamba hazitaonekana, basi wanazitia alama. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ina masimulizi ya pembeni ambayo wengi, nami nikiwemo, huyaona kuwa bora kuliko hadithi kuu za gemu nyingi, lakini bahari ya visiwa vya Skellige imejaa alama za kuuliza zilizochorwa ramanini, na nyingi kati yake ni masanduku ya magendo yanayoelea majini. Tazama kejeli iliyopo: alama yenyewe ni ya kuuliza, ila haiulizi. Inakuambia kwamba hapo pana kitu, fika, tia tiki, nenda kwenye nyingine. Unasafiri macho yakiwa kwenye ramani na bahari yote inapita bila kutazamwa.

Morrowind haikukuwekea mshale. Mtu alikuambia ufuate mto hadi darajani, kisha uelekee mashariki hadi kwenye miamba miwili, na ukipotea ulipotea. Aliyewahi kuuliza njia Siaya au Vihiga anaujua mtindo huo: pita shule ya msingi, ukifika poshomili pinda kushoto, halafu ulizia pale palipokuwa na mwembe mkubwa, mwembe ambao ulikatwa miaka kumi iliyopita. Maelekezo ya namna hiyo yanakulazimisha kuiangalia nchi. Hollow Knight ya mwaka 2017 ilipata njia ya katikati ninayoiona kuwa ya hekima. Ukiingia eneo jipya huna ramani. Unamtafuta mchoraji ramani kwa kufuata karatasi alizoziangusha na sauti yake ya kuimba puani, unainunua ramani isiyokamilika, na kuikamilisha ni juu yako: unahitaji kalamu, na ulichokipita huchorwa tu unapokaa kwenye benchi kupumzika. Ramani haikutangulii. Inakufuata nyuma, ikiandika ulikokwisha kufika.

Tatizo la alama na vihesabio halikomei kwenye macho. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa cheti iwapo wangechora, baadhi walipewa cheti hicho bila kutarajia, na wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa mshtukizo hawakupungukiwa na hamu. Jaribio lilihusu kalamu, halikuhusu gemu, kwa hiyo tusilibebeshe mzigo usio wake. Ila mtu aliyecheza gemu yenye kihesabio kinachosema "37 kati ya 100" kila anapookota kitu atatambua hisia hiyo: kilichokuwa matembezi kimegeuka orodha ya kazi, na siku orodha ikiisha hamna sababu ya kurudi. Kutokana na hilo ningemshauri mbunifu yeyote kwamba zawadi ya pembeni ije kama mgeni asiyetarajiwa, na kihesabio, kama lazima kiwepo, kifichwe hadi mchezaji akitafute mwenyewe.

Zawadi isiyoweza kuhesabiwa kabisa ni ujuzi. Outer Wilds ya mwaka 2019 inakupa dakika 22 kabla jua halijalipuka na kukurudisha mwanzo, na katika gemu yote huongezewi nguvu, silaha wala pesa. Unachobaki nacho ni ulichokielewa. Mtu anayejua kila kitu anaweza kuimaliza katika mzunguko mmoja. Asiyejua anahitaji saa nyingi za kusoma maandishi ya watu waliotoweka na kuunganisha mambo. Humo hakuna tofauti kati ya njia kuu na pembeni, kwa kuwa mahali popote panaweza kukupa jibu la swali uliloliacha sayari nyingine. Dark Souls ya mwaka 2011 hufanya jambo la jamaa moja na hilo kwa njia za panya: unahangaika kwa saa kadhaa ukidhani umekwenda mbali, unaingia lifti ya kanisa usiyojua inakoelekea, inashuka, na mlango unafunguka pale pale ulipoanzia safari. Hukupewa kitu, lakini ramani iliyomo kichwani mwako imejikunja na kukutana ncha kwa ncha.

Kuna sharti moja lililobaki ambalo mbunifu hulimeza kwa uchungu, nalo ni kukubali kwamba wengine hawataona. Elden Ring ya mwaka 2022 ina lifti msituni inayoshuka chini kwa muda mrefu kiasi cha kukutia wasiwasi, kisha inakufikisha kwenye mto ulio chini ya ardhi, wenye magofu na dari inayometameta kama anga lenye nyota. Ni eneo zima, kazi ya watu wengi, na anayetaka kuimaliza gemu anaweza kufanya hivyo bila kulikanyaga. Mbunifu mwoga angekulazimisha upite huko, na papo hapo lingekuwa kituo cha safari kama vingine. Aliyeshuka kwa lifti ile anajua moyoni kwamba angeweza kupita tu.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu kwa maneno machache zaidi, tukiwa tumekaa kwao na chai ikipoa, naye hakuyakubali yote. Aliziondoa sarafu isipokuwa saba, na hizo saba akampa mama muuzaji wa ukingoni kazi ya kuzipokea: zinanunua kamba ndefu zaidi. Milango ya mapango aliifanya itofautiane. Kwenye mmoja aliweka nyayo za kwato zinazoingia, zisizotoka. Kwenye mwingine kengele ya mbuzi inasikika kwa mbali kisha inanyamaza ukikaribia. Pango la nne lina dirisha la mwamba linalotazama mji na Ziwa Nakuru, na halina kitu kingine. Tulibishana sana juu yake, yeye akisema watu watalalamika, mimi nikisema akiongeza chochote ataliharibu. Mwishowe aliongeza jambo moja, kwamba ukisimama hapo bila kugusa kontrola kwa muda, mvulana anakaa chini.

La tano ndilo lililompa kazi zaidi. Huko Eburru, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, wenyeji huvuna maji kutokana na mvuke unaotoka ardhini: huunasa na kuuacha upoe hadi uwe maji, kisha huyakinga mtungini. Alichora pango lenye bati kuukuu lililoegemea ufa wa mwamba, matone yakidondoka kutoka ukingoni mwake. Mchezaji anayelitazama bati hilo kwa makini anaelewa kwamba anaweza kufanya vivyo hivyo kwenye ufa wowote unaofuka mvuke, na mwishoni mwa njia, mbuzi anapopatikana akiwa na kiu, mtungi wa maji humsimamisha haraka kuliko kumbembeleza. Asiyeingia pango hilo humbembeleza, inachukua muda, na hadithi inaisha vizuri vile vile.

Katika jaribio la pili alikuja kijana ambaye kwao ni Eburru. Hakuingia pango la tano. Alifika kwenye mvuke, akaona bati lililotupwa karibu, akaliburuta hadi juu ya ufa, akangoja. Hakuna kilichotokea, kwa kuwa programu ilikuwa imeandikwa kwamba bati lifanye kazi kwa mchezaji aliyepitia pangoni tu. Akalisogeza tena, akageuka kumtazama mpwa wangu. "Lakini hivi ndivyo tunavyofanya nyumbani," alisema. Mpwa wangu aliivuta kompyuta upande wake, akautafuta mstari unaoweka sharti hilo, akaufuta, akairudisha kwake acheze tena.